Kazi ya Kalunde

Kalunde alikufa Jumanne, tukamzika Jumatano huko Ipuli, na pale makaburini mtoto wa ndugu yake alisimama akasoma kwenye karatasi kwamba marehemu enzi za Mwingereza aliwahi kuwa kwenye uwanja wa nta wa Mwarabu, akifanya kazi ndogondogo. Kazi ndogondogo! Nusura nimnyang'anye ile karatasi mbele ya padri. Nilinyamaza kwa heshima ya maiti, nikarudi nyumbani na kanga yangu ya msiba mabegani, nikamwambia mjukuu wangu aniletee daftari. Nimesoma mpaka darasa la pili tu na herufi zangu zinakwenda upande, lakini hili nitaliandika kwa mkono wangu, asiniandikie mtu. Tena yeye mjukuu ndiye wa kwanza kulisoma. Ana karakana yake ya kushona, mafundi tisa, cherehani zinalia toka asubuhi, namwonea fahari mpaka nasimulia kanisani. Lakini mwezi uliopita, tukiwa tunakula, aliniambia amemwondoa mama mmoja mtu mzima kwa sababu, "Bibi, yule hana kazi maalumu, anazunguka tu anaongea na watu." Tonge likanikwama. Nilikunywa maji, nikamwambia ugali ni mkavu.

Mwaka ninaousema ulikuwa baada ya vita ya Hitla, sina tarehe, najua tu kwamba mvua ziliwahi na masega yalikuja mengi kupita kiasi. Bwana Hemedi, Mwarabu aliyezaliwa Tabora hapa hapa kama mimi, alikuwa na uwanja wa nta nyuma ya nyumba yake. Watu wa porini walileta masega kwa baiskeli na vichwani, mengine yakishuka kwa gari moshi kutoka Usoke, yamefungwa kwenye magome ya miti, yananuka moshi na asali iliyochacha. Sisi tulikuwa wanane. Masega yanachemshwa na maji kwenye pipa, yanachotwa yakiwa moto, yanamiminwa kwenye gunia, halafu watu wawili wanalikamata gunia huku na huku kwa fimbo na kulisokota kama unavyokamua shuka, nta inachirizika kwenye hodhi la maji chini, machicha yanabaki ndani. Ukisikia naeleza hivi unaona kazi nyepesi. Lile gunia lina moto wa kubabua nyama. Mmoja akisokota na mwenzake akilegea, uji wa nta unamrukia mmoja wao. Ndiyo maana wakamuaji hawachaguliwi ovyo. Ni lazima pumzi zao ziende pamoja.

Gunia kubwa lilikuwa la watu wawili tu: Mama Kabula, mwanamke wa mifupa mipana, sauti yake ilisikika mpaka sokoni, na Maganga, kijana wa Igalula, mpole, mrefu, mabega kama mlango. Miaka minne walikuwa wamekamua pamoja. Mama Kabula alikuwa akimchamba kutwa nzima. "Wewe Maganga, unasokota au unambembeleza mchumba?" Naye anajibu, "Nasubiri uzeeke, mama, niachiwe gunia." Wakati wa kula tulikaa wote kwenye kivuli cha stoo, ugali wa mtama na mboga ya nsansa iliyoungwa karanga, na ikiwa siku yenye bahati kuna matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu, na kicheko cha Mama Kabula juu ya kila kitu. Sasa huyu Maganga akaenda kumposa Kabula, binti wa yule mama. Posa ikapokelewa. Na siku hiyo hiyo kicheko kikakatika. Kwetu Unyamwezi wakati ule mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawasemeshani ana kwa ana. Mama akimwona mkwewe njiani anaingia majanini, anajifunika kanga mpaka apite. Sote tulishangilia posa, halafu tukatazamana: na gunia je? Hakuna mwingine aliyeliweza.

Asubuhi iliyofuata tuliwakuta wanakamua kama kawaida, ila kila mmoja amegeuza uso pembeni, na katikati yao amesimama Kalunde. Kalunde alikuwa rika langu, mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea tangu utotoni, kukamua hakuweza, na mimi siku zote nilidhani Bwana Hemedi anamweka pale kwa sadaka. Mama Kabula anasema, "Mwambie aongeze." Kalunde anamgeukia Maganga aliye hatua mbili, aliyekwisha kusikia kila kitu, anamwambia, "Mama anasema ongeza." Maganga anajibu, "Mwambie mama gunia lake limelegea chini." Kalunde anageuka tena. Kutwa nzima hivyo, akiyapeleka na kuyarudisha, hata ya utani. "Mama anasema siku hizi unanuka sabuni, unajipendekeza kwa nani?" Maganga anacheka akiangalia ukuta. Nikadhani hivyo ndivyo walivyotengeneza njia ya kupita, wenyewe, bila kuitwa kikao.

Mimi nikafanywa nyapara mwezi uliofuata. Kisa ni kwamba nilijua kusoma majina kwenye magunia, na kwamba sikuchelewa hata siku moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Fikiria wewe: asubuhi nawaamkia akina mama shikamoo nimepiga goti, wanaitikia marahaba mwanangu, halafu jua halijapanda nawaambia fulani kachote maji, fulani unaongea sana. Walinivumilia. Mama Kabula alikuwa akinitania, "Nyapara wetu huyu bado ana maziwa mdomoni, msimtikise yatamwagika," na wote wanacheka, nami uso unaniwaka. Nilitaka kuogopwa. Nasema ukweli, nimekwisha kuwa mzee, nifiche nini? Nilitaka nikipita watu wanyooke.

Halafu nikasikia maneno ambayo heri nisingeyasikia. Nilikuwa nafagia ukumbi, Bwana Hemedi yuko barazani na mgeni wake kutoka Ujiji, wanakunywa kahawa kwenye vile vikombe vidogo. Mgeni akauliza, "Huyu kitoto ndiye nyapara wako?" Bwana Hemedi akasema, "Huyu ana jicho. Mtu aliyekaa bure hapiti mbele yake." Nilisimama na ufagio mkononi, moyo umejaa kama kifurushi. Jicho! Mimi! Nikatoka pale natafuta mtu aliyekaa bure kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa Kalunde.

Nisijifanye kwamba desturi sikuijua. Niliijua, nimelelewa nayo. Lakini nilijiambia: watu waliokamua pamoja miaka minne mikono yao inajuana, maneno ya nini? Tena ni ya utani mengi. Na kuni zilikuwa hazitoshi. Nikamwita, "Kalunde, kuanzia leo wewe ni wa kuni." Akanitazama. "Na hapa?" akauliza. Nikamwambia, "Hapa kazi ni ya kukamua, si ya kusimama." Nikawageukia wale wawili, nikasema kwa sauti ya juu ili wote wasikie, "Ukwe uachwe nyumbani. Kazi ni kazi." Nilingoja Mama Kabula anirushie neno, ningelipokea, nilikuwa nimejiandaa. Aliokota fimbo yake. Maganga akaokota yake. Wakanitii! Mpaka leo hilo ndilo linalonishtua kuliko yote. Mtu mzima, mwenye sauti ya kusikika sokoni, alimtii mtoto wa miaka kumi na tisa katika jambo alilojua ni la kipumbavu.

Siku tatu walikamua wakiwa kimya, nyuso pembeni, na mimi nikipita nyuma yao najiona nimefaulu. Siku ya nne, kama saa tano asubuhi, gunia kubwa lilikuwa limejaa, limetoka pipani linafuka. Nilikuwa karibu, nimeona kwa macho yangu haya. Fimbo ya Mama Kabula ilialika. Sauti ndogo tu, ta! Ufa ukapita katikati. Alichotakiwa kusema ni neno moja, "Shusha!", Maganga ashushe upande wake, gunia liingie kwenye maji, basi. Maganga alikuwa ameangalia ukuta, hakuuona ule ufa. Nilimwona Mama Kabula anafungua mdomo. Na kilichotoka kilikuwa, "Kalunde! Kalunde weee!"

Anayesoma hapa atauliza, kwani asingepiga kelele tu? Alipiga. Alipiga kelele kwa njia iliyokuwepo kinywani mwake, na njia hiyo nilikuwa nimeipeleka kwenye kuni. Maganga aliposikia jina la Kalunde aligeuza kichwa kule kwenye lundo la kuni, kumtafuta, maana siku zote maneno yalikuja na Kalunde. Akaendelea kusokota. Na mimi? Mimi niliyekuwa na jicho na kinywa, niliyeona ufa ambao Maganga hakuuona? Ulimi wangu uliganda. Fimbo ikakatika. Gunia likalegea upande wa mama, likavutika kwa Maganga aliyekuwa bado anasokota, uji wote ukaanza kuelekea miguuni kwake, na yule mama akaachia kipande cha fimbo, akalikumbatia gunia kwa mikono yake miwili mitupu, akalivuta kwake, akaenda nalo mpaka kwenye hodhi. Hakulia. Alipoitoa mikono ndani ya maji ilikuwa imevaa nta, nyeupe, kama glavu za memsahibu. Nilidhani ni nta tupu. Mwanamke mmoja alipojaribu kuibandua, ilikuja na ngozi.

Walimpeleka hospitali kwenye mkokoteni wa magunia. Maganga alisimama palepale, miguu yake mizima, haina hata doa, anajitazama ile miguu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Halafu akatembea, akatoka langoni, hatukumwona tena siku ile. Bwana Hemedi alikuja mbio, kilemba kimelegea, na kabla hajauliza habari ya nta, kabla hajauliza nani ameumia, aliangalia pale katikati ya hodhi akasema, "Kalunde yuko wapi?"

Nikamwambia nimempeleka kwenye kuni.

"Umempeleka kwenye kuni," akasema polepole. "Mimi ndiye niliyemweka pale, Tekla. Siku ya posa Mama Kabula alikuja kwangu kuaga kazi, mimi nikamtafutia mpeleka maneno. Nilihangaika siku nzima nani anafaa, asiye mmbea, asiye na kisirani. Wewe ulidhani yule amesimama bure?" Mwarabu huyu, niliyedhani anajua mizani na tende tu, alikuwa amekaa akaufikiria ukwe wetu, na mimi Mnyamwezi nikaukanyaga. Nikajitetea, nikasema, "Na wao kwa nini hawakuniambia?" Bwana Hemedi akanitazama bila hasira, na hapo ndipo niliposhikwa na aibu ya kweli. "Ulikuwa unaambilika?"

Hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Kesho yake wanawake walikuja kazini wote, kwa wakati, wakanisalimia vizuri. "Ndiyo, nyapara." "Sawa, nyapara." Hakuna aliyenitania. Nikisema lete maji, yanaletwa. Nisiposema, hayaletwi. Siku moja pipa lilianza kufura, povu linapanda, linapanda, na wanawake wanne wamelizunguka mikono kifuani wanalitazama tu, mpaka likamwagika likazima moto. Nikapiga kelele, "Mmeona, mbona hamkusema?" Mmoja wao, mama wa watu, mtaratibu, akanijibu, "Hukutuuliza, nyapara." Hakuwa anakejeli. Nilikaa chini kwenye majivu. Nilikuwa nimepata nilichotaka: kila mtu ananyooka nikipita. Na uwanja mzima ulikuwa kiziwi na bubu.

Nikaenda Ipuli kwa Mama Kabula. Nyumba ilikuwa inanuka dawa ya hospitali na uji wa ulezi. Amekaa kwenye mkeka, mikono imefungwa vitambaa mpaka kwenye viwiko, Kabula anamlisha kwa kijiko kama mtoto, na Kabula mwenyewe macho yamevimba. Nilianza kulia kabla ya shikamoo. Mama Kabula akasema, "Acha kelele, nina wagonjwa wa kutosha." Nikauliza Kabula ana nini. Basi nikaelezwa. Maganga amekimbilia kwao Igalula, ametuma neno kwamba mtu aliyemuunguza mkwewe hana uso wa kuoa binti yake, Kabula atafutiwe mwingine, na mahari asirudishiwe. Wiki mbili sasa. "Hakuniunguza yeye," Mama Kabula akasema, "lakini nani atamwambia? Mimi siwezi kumsemesha. Wazee wakienda atasema wanamhurumia."

"Kalunde aende," nikasema.

Kalunde alikuwa jikoni kumbe, anasonga kwa mkono wake mmoja, alihamia pale kumuuguza mama. Akachungulia mlangoni. "Mimi niko kwenye kuni," akasema. "Aliyeniondoa ndiye atakayekwenda."

Nikasema sijui namna yake. Ndipo akaja akakaa mbele yangu, mwiko bado mkononi, akanifundisha, na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kazi vizuri kama siku ile. Usiongeze neno. Usipunguze. Ukiambiwa kwa hasira, peleka kwa hasira. Ukiambiwa kwa kicheko, peleka kicheko. La kwako liache mlangoni, hata kama ni zuri. Na ukishasema, nyamaza ungoje, hata ukingoja mpaka miguu ife ganzi, maana jibu nalo ni mzigo wako. Nilidhani kazi ile ni kusimama! Halafu Mama Kabula akanipa maneno yake, akanikaririsha mara tatu.

Nilipanda gari moshi mpaka Igalula na viazi vikavu vya michembe ndani ya kitambaa, sikula hata kimoja, nikiogopa maneno yatachanganyika. Nilimkuta Maganga anapalilia karanga za mama yake. Aliponiona alitupa jembe akanigeuzia mgongo. Nikausemea ule mgongo. "Mama anasema: mikono ni yangu, nimeitoa mwenyewe, hukuichukua. Mama anasema: nilikuwa na mikono, na Kabula ana mume, nikaona kipi kinaponyeka. Mama anasema: zawadi yangu usinirudishie, nitaona aibu." Nikanyamaza. Jua linachoma. Nilitaka kusema kosa ni langu, nisamehe, rudi, nililia ndani kwa ndani na meno nimeyauma. Baada ya muda mrefu akasema, "Umeongeza hapo kwenye mume." Nikasema sijaongeza. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, polepole." Mara ya tatu nilipofika kwenye aibu mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nilipomaliza aliinama akaokota shati lake kwenye mtaro wa karanga.

Tulisafiri pamoja, na hakunisamehe njiani, asije mtu akadhani. Gari lilipoingia Tabora nilikuwa nafikiria nitampitisha wapi afike Ipuli bila kukutana na mkwewe. Nikashuka, nikatupa macho. Mama Kabula alikuwa stesheni. Mama mkwe! Amekuja kumpokea mkwewe mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona wala kulisikia, amejifunika kanga gubigubi, amegeukia ukuta wa mizigo, ile mikono ya vitambaa imening'inia. Maganga alimwona, akageuka upesi akaangalia reli. Nikabaki mimi katikati. Kalunde alikuwa pembeni kwenye benchi, ananitazama, hakunyanyuka.

"Mwambie amechelewa," Mama Kabula akauambia ukuta, kwa ile sauti yake ya zamani, watu wakageuka. "Mwambie ugali umepoa, na Kabula anauliza kama anayefuatwa ni yeye au ugali."

Nikamwambia. Maganga alijifuta uso kwa shati, akakohoa, akasema, "Mwambie mama nitaula hivyo hivyo ulivyopoa. Na mwambie gunia sijaliachia, bado nasubiri azeeke."

Nikageuka nikampelekea mama, neno kwa neno na kile kicheko chenye machozi ndani yake, huku wachukuzi wa stesheni wameweka mizigo chini wanatutazama kama vichaa watatu.